Shamba la Kijani Ng'ambo ya Kijito

Mboje hakukana kwamba alimpiga Zenon, yule mkulima aliyekufa, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Rhoda tangu mwanzo. Alikuwa amezoea watuhumiwa wanaokana mpaka majina yao. Huyu mfugaji wa Kisukuma, mrefu, aliyejitanda blanketi kwa baridi ya mahabusu, alikuwa anakubali kila kitu isipokuwa kitu kimoja, na hicho kimoja hakuna mtu kituoni aliyetaka kukisikia.

"Nilimpiga fimbo, afande. Alikuwa ameinua jembe, na mimi nikaogopa. Lakini sikuingia kwenye shamba la mtu. Simu ilisema pale ni malisho."

"Simu ilisema."

"Ilisema. Mmeichukua wenyewe, iangalieni."

Rhoda alikuwa ameshaiangalia, tena zaidi ya mara moja. Mradi wa Malisho Bora uliwapa wafugaji ramani ya Ufipa yote kwenye simu. Penye kijani ni shamba, usiguse. Penye kahawia ni ardhi isiyotumika, omba ruhusa upeleke mifugo. Mboje aliomba, na ruhusa ikarudi kabla hajairudisha simu mfukoni. Hakuna binadamu aliyeitoa. Mteremko wa Zenon pale Lyasongo ulikuwa kahawia tupu.

"Na vile vilima vya udongo hukuviona?"

"Niliviona. Nikajua vichuguu. Kwetu tunalima matuta marefu, mstari kwa mstari. Sijawahi kuona watu wanalima vilima, afande. Ningejua ni jasho la mtu, ng'ombe wangu wasingekanyaga. Mimi ni mgeni huku, siyo mwizi."

Rhoda alimwamini, na kumwamini kulikuwa hakumsaidii kitu. Mkuu wake wa upelelezi alikwisha sema jalada liende kwa mwanasheria wa serikali Jumatatu: uvamizi uliopangwa, kuua kwa kukusudia. "Wafugaji hawa tunawajua," alisema mkuu, kisha akaendelea kunywa chai. Kosa hilo hukumu yake ni kitanzi. Kama Mboje alijua kwamba pale ni shamba, alikwenda kwa shari. Kama alidanganywa, ulikuwa ugomvi wa ghafla kati ya watu wawili waliopotoshwa na mtu wa tatu, na huyo wa tatu alikuwa bado anakula na kulala kwake.

"Koplo," alimwambia Steven walipotoka nje. "Ramani hii inachorwa wapi?"

Koplo Steven, Mfipa wa makamo mwenye kitambi na sauti ya taratibu, alinyoosha kidole upande wa mjini. "Katandala, afande. Juu ya duka la mabati."

*

Ofisi ya Jicho la Anga, kampuni iliyochora ramani, ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye kapeti jipya. Vijana walikaa safu kwa safu mbele ya kompyuta wakibonyeza, macho kwenye skrini, na hakuna aliyegeuka polisi walipoingia. Meneja wao, Isdori, aliwapokea kwa bashasha. Alikuwa kijana nadhifu, sweta la bei, Kiswahili cha Dar es Salaam kilichonyooka. Aliagiza chai. Rhoda alikataa chai.

"Nani anaamua kwamba hapa ni shamba na hapa ni pori?"

"Mtambo wenyewe, Inspekta. Akili mnemba. Droni inapiga picha kutoka angani, vijana wanauonyesha mtambo mifano. Hii nyumba, hili shamba, hiki kichuguu. Ukishaona mifano mingi unajifunza, halafu unaamua peke yake."

"Basi Lyasongo umeamua vibaya, na mtu amezikwa."

"Tumesikitika sana. Lakini mtambo haukosei hivi hivi. Unakosea ukifundishwa vibaya." Isdori alishusha sauti. "Kuna msichana tulimwachisha kazi, anaitwa Silvana. Aliondoka na kinyongo. Mchumba wake ni dalali wa ng'ombe kule mnadani. Sitaki kumsingizia mtu, lakini kama ningekuwa mimi ndiye mpelelezi ningeanzia hapo."

Steven alikohoa. Lilikuwa jambo la maana: mchumba dalali, wafugaji wanaotaka malisho, msichana mwenye kidole kwenye kitufe. Rhoda aliliweka akilini. Hata hivyo hakupenda jinsi lilivyokuja likiwa limeshapikwa na kupakuliwa.

"Wewe mwenyewe hukuona kwamba yale ni mashamba?"

"Mimi? Mimi nimekulia Dar, Inspekta. Mambo ya kilimo cha huku siyajui hata kidogo. Halafu picha zilipigwa mapema, nyasi za ndani zilikuwa hazijaoza, kwa hiyo vilima vilikuwa bado vimeinuka juu. Hata wewe ungesema vichuguu."

"Naiomba hiyo ramani niione hapo kwako. Kwenye simu ni ndogo."

Isdori aliifungua. Bonde la Lyasongo lilijaa skrini, kahawia kutoka kilima hadi kilima, kama kwamba watu waliokaa pale miaka yote walikuwa wanakula upepo. Rhoda alifuata kijito kwa macho. Upande huu, mteremko wa Zenon. Upande wa pili, ng'ambo, kulikuwa na kipande kimoja cha kijani, kidogo, chenye kingo zilizonyooka.

"Na hiki?"

"Hapo nafikiri mtu analima kwa trekta," alisema Isdori, na picha ikasogea upande. "Mistari. Mtambo umeitambua vizuri."

"Rudisha."

Aliirudisha. Rhoda alikitazama kile kipande, kisha akamtazama Isdori, ambaye alikuwa anakunywa ile chai aliyowaagizia wageni.

*

Silvana walimkuta kwenye saluni ya dada yake, anasuka nywele za mteja huku mtoto mchanga amelala mgongoni. Aliposikia habari ya mchumba dalali alicheka kwa hasira.

"Yule tuliachana kabla hata sijaijua hiyo ofisi. Na sikuachishwa kwa kinyongo, dada. Nilikwenda kujifungua, nikarudi nikakuta kiti changu kina mtu. Huyo ndiye Isdori."

"Lakini ulibonyeza kichuguu kwenye mashamba ya watu."

Vidole vya Silvana havikusimama. "Nilibonyeza."

"Wewe ni Mfipa?"

"Mfipa wa baba na mama."

"Kwa hiyo ulijua zile ni ntumba."

Kila mtu wa Ufipa anazijua. Mvua zikikaribia kwisha, mkulima hugeuza udongo juu ya nyasi, akaufanya vilima vilima shamba zima. Nyasi huoza humo ndani miezi yote ya kiangazi, na mvua zikirudi vilima hutawanywa na mahindi hupata mbolea bila kununua mfuko hata mmoja. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Rhoda mwenyewe, mtoto wa polisi aliyezunguka nchi nzima, alizijua tangu wiki yake ya kwanza Sumbawanga.

"Wote mle ndani tulijua," alisema Silvana. "Lakini vitufe vilikuwa nyumba, shamba, kichuguu, nyasi, basi. Na shamba kwao ni mistari. Ukibonyeza shamba kwenye ntumba skrini inawaka nyekundu, unaambiwa umekosea. Ukikosea sana unaondolewa zamu. Tulikuwa tunaangalia jirani anabonyeza nini, na sisi tunabonyeza hicho."

"Hakuna aliyesema?"

"Tulisema. Tukapewa kitufe chetu, kimeandikwa ntumba kabisa. Tukakitumia. Halafu wakawa wanakuja wageni wa mradi kukagua, na mtambo ukawa unababaika, leo unaita ntumba kichuguu, kesho unaita kichuguu ntumba. Alama zake za usahihi zikashuka. Asubuhi moja tukaja kazini tukakuta kitufe hakipo. Isdori akasema kitarudi wageni wakiondoka."

"Kilirudi?"

"Wageni waliondoka," alisema Silvana.

Mteja aliyekuwa anasukwa alisahau kioo chake, akawa anasikiliza. Rhoda alisikia hasira ikimpanda, na safari hii haikuwa ya Isdori peke yake.

"Ulikuwa unajua ramani ni ya kazi gani?"

"Ya malisho. Tuliambiwa."

"Ulijua ng'ombe watafuata."

"Dada, na mimi nilikuwa na mimba na kodi ya chumba." Silvana alifunga msuko mmoja, akaanza mwingine. "Nilijua. Nilisema moyoni, mbele huko atakuwepo mtu mzima atakayeangalia kabla ng'ombe hawajapelekwa. Kila mmoja wetu alisema hivyo."

Rhoda alitaka kumkaripia, lakini aliona hakuna neno la kumwambia ambalo halikuwa tayari usoni kwake. Alimuuliza jambo la mwisho. Kile kipande cha kijani, Lyasongo, ng'ambo ya kijito: mtambo ulikitambuaje?

"Kama ni mistari, sawa."

"Na kama ni ntumba?"

"Haiwezi kuwa ntumba. Mtambo ule haujui kuiita ntumba shamba, haukufundishwa. Labda mtu aingie kwenye ramani yenyewe apake rangi kwa mkono. Sisi tulikuwa tunagusa picha tu, ramani tulikuwa haturuhusiwi hata kuifungua."

"Nani aliruhusiwa?"

Silvana alimtazama kupitia kwenye kioo. "Bosi."

*

Asubuhi iliyofuata walipanda Lyasongo. Upepo wa Julai ulikuwa unakata masikio, na Steven alivaa koti juu ya koti. Mteremko wa Zenon ulikuwa aibu kuutazama. Ng'ombe walikuwa wamevuruga kila kitu. Vilima vimepasuka, nyasi nyeusi zilizoanza kuoza zimetapakaa na kukaushwa na jua. Mwaka mzima wa kazi ulikuwa umelala pale, na mwenye kazi amelala makaburini nyuma ya kanisa.

Steven alivua kofia. Aliokota donge la udongo, akalivunja, akamwonyesha Rhoda nyasi zilizokuwa ndani yake.

Rhoda alilitazama lile donge kwa muda. "Koplo, kutoka angani hizi nyasi zinaonekana?"

"Hata ukisimama hapa huzioni, afande. Mpaka uvunje. Juu ni udongo tu."

"Jana Isdori alituambia nyasi za ndani zilikuwa hazijaoza. Mtoto wa Dar, asiyejua kilimo cha huku hata kidogo."

Steven alilitupa donge chini, akajifuta mikono kwenye koti. Walivuka kijito kwa gogo, wakapanda ng'ambo wakiwa wameshika simu ya Mboje, mpaka ile alama ya mahali walipo ikaingia kwenye kijani. Hapakuwa na trekta. Hapakuwa na mistari. Zilikuwa ntumba, vilima vilima, zile zile za Zenon na za bonde zima, isipokuwa hizi zilikuwa salama.

Bibi mmoja alikuwa anapepeta maharage mbele ya nyumba ya matofali. Steven alimwamkia kwa Kifipa, wakaulizana habari za nyumbani na za baridi mpaka Rhoda akaanza kuhamahama miguu. Aliitwa Kristiana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, usisimame kama mdai."

"Hili shamba ni lako?"

"Langu. La marehemu mume wangu."

"Una watoto, bibi?"

"Aliyebaki ni mmoja. Yuko mjini, kwenye kompyuta. Isdori." Bibi alitabasamu. "Alizaliwa hapa hapa. Akasomeshwa na mjomba wake Dar, lakini amekwenda ameshakuwa kijana, jembe analijua."

Steven aliangalia kijito. Rhoda alichuchumaa karibu na ungo, akaanza kumsaidia bibi kuchambua, na sauti yake aliishusha kwa kujilazimisha.

"Amewahi kukuuliza habari za hili shamba?"

"Alipiga simu, kipindi kile cha kuvuna maharage. Akauliza mpaka unaanzia wapi unaishia wapi. Nikamwambia, kijitoni mpaka kwenye ule msufi, wewe si unajua. Akasema anataka kuhakikisha. Nikafikiri anataka kuja kujenga."

"Na la Zenon hakuuliza?"

"La Zenon aliulize la nini?" Bibi aliacha kupepeta. "Maskini Zenon. Ndiye aliyekuwa ananifanyia hizi ntumba, tangu nimefiwa. Anaanza zangu, anamalizia zake, na hataki hata asante. Huyo Isdori kushika jembe amefundishwa na Zenon. Alikuwa anamfuata nyuma shambani siku nzima."

"Alikuja msibani?"

"Alipiga simu. Kazi zimembana."

Walipoaga, bibi alimkabidhi Rhoda mfuko wa maharage ampelekee mwanawe, maana ya mjini hayana ladha. Rhoda alipokea kwa mikono miwili. Hakumwambia chochote, na njia nzima ya kurudi alijilaumu na kujisifu kwa jambo hilo hilo.

"Punguza mwendo, afande," alisema Steven mara gari liliporuka shimo. "Hakimbii huyo."

"Hakimbii kwa sababu anajua hana wa kumkimbiza."

*

Isdori alinyanyuka walipoingia. Rhoda hakukaa. Aliuweka ule mfuko wa maharage juu ya meza, karibu na kikombe.

"Ulisema umekulia Dar."

"Ndiyo."

"Nani alikuambia kwamba ndani ya vile vilima kuna nyasi?"

Macho ya Isdori yalikuwa yameshafika kwenye mfuko, kwenye fundo la kitambaa cha kitenge ambalo bila shaka alilijua tangu utotoni.

"Inspekta, ni makosa ya mtambo. Nilikwisha kueleza."

"Mtambo ulipaka bonde zima kahawia, ukaacha shamba moja. Mtambo unamjua mama yako?"

Nyuma yao mlio wa vitufe ulipungua, safu moja, kisha nyingine. Isdori aliketi.

"Kile ni kipande kidogo," alisema, na Kiswahili cha Dar kilikuwa kimeanza kumtoka. "Hakikugusa alama. Ningerekebisha bonde zima wageni wangeona mtambo haujui chochote, mradi ungekufa, na hawa vijana wote wangerudi mtaani. Nilisema nikipata nafasi nitalirudisha lile neno, tuufundishe upya."

"Ulijua ng'ombe watakuja."

"Nilijua wanaweza kuja."

"Ukamkinga mama yako."

"Ni mama yangu, dada."

"Usiniite dada. Zenon alikuwa nani kwako?"

Rhoda alingoja, kwa sababu alitaka asikie jibu lolote lile, hata la uongo. Lilipokuja lilikuwa baya kuliko uongo.

"Mimi sikumpiga. Sikumtuma Mboje. Nimechora ramani tu, na ramani ilipitishwa na watu. Nitajie sheria niliyovunja."

Steven alimtazama mkubwa wake kwa wasiwasi. Huenda yule kijana alikuwa anasema kweli. Huenda ndani ya vitabu vyote vya sheria hapakuwa na mstari hata mmoja wa mtu anayejua kwamba kazi yake itamuumiza jirani, akairekebisha kwa ajili ya mama yake tu, akaiacha vile vile kwa wengine. Jambo hilo lilimkasirisha kuliko Isdori mwenyewe.

"Kumdanganya polisi kwenye upelelezi wa kifo ni kosa, na hilo utalijibu," alisema. "Kumtupia Silvana lawama, na hilo utalijibu. Hayo mengine wenye sheria watayatafutia jina, hata kama itawachukua muda. Leo utaandika maelezo kwamba Mboje aliingia Lyasongo akiongozwa na ramani yako, na kwamba wewe ulijua ramani hiyo ni ya uongo. Yule mtu hatanyongwa kwa ajili ya alama zako."

"Na nikikataa?"

"Tutakwenda kukataa pamoja, mbele ya mama yako. Amepepeta haya kwa mkono wake. Yametoka kwenye ntumba zilizofanywa na Zenon."

Isdori aliuangalia mfuko. Hakuugusa. Aliomba karatasi, na Steven akamsogezea.

"Kwanza ifunge ramani," alisema Rhoda. "Kuna wafugaji wengine wanaisoma sasa hivi."

"Hiyo siwezi, afande. Kweli kabisa siwezi." Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza alionekana kuamini anachokisema. "Ramani ikishatoka haiguswi mpaka makao makuu watoe ruhusa."

"Siku ile ya shamba la mama yako," aliuliza Rhoda, "ruhusa alikupa nani?"

Isdori alivuta kibodi, akaanza kuifunga ramani.